Ngiri

Tunaamka pamoja, ngiri wawili wa Mwariki:
yule wa mbugani, nyuma ya waya wa umeme,
na huyu wangu, chini ya mshipi, upande wa kulia.
Kiswahili kilituchezea shere, kikawapa jina moja.
Bosibori hunitania: "Amka, mpeleke mnyama wako kazini."
Nami hucheka, mkono mfukoni,
maana nisipomshika nikicheka, huchungulia.

Alikuja na viazi vya Mau Narok,
msimu wa lumbesa, gunia limevishwa kilemba cha neti.
Sikusikia uchungu. Nilisikia kitu kikiachia,
kama mshono wa suruali unaopoteza uzi mmoja.
Nikamaliza lori. Magunia sitini na matatu.
Jioni, bafuni, nikakuta kivimbe cha ukubwa wa ndimu.

Nikilala chali hurudi shimoni
kinyumenyume, kama ngiri afanyavyo,
meno yakitazama nje.
Alfajiri nikikohoa tu, yuko mlangoni.
Ndimu ilishapita. Sasa ni yai la bata.

Wambugu, ambaye tumebeba naye tangu ujana, asema kaza mshipi wa ngozi;
kaka yake alikaza miaka kumi na minane
akafa na lingine kabisa.
Shemeji Nyamweya alipasuliwa, akashonewa wavu ndani.
"Wavu kama wa omena?"
"Mwembamba kuliko huo. Nimeshausahau,
ila mvua ikikaribia."

Daktari Chelagat ana vidole baridi, na haraka hana.
Simama. Kohoa. Tena. Lala.
Akamsukuma kwa vidole viwili
kama mtu anayerudisha kifaranga chini ya mama yake.
Mimi husema "huyu", yeye husema "hii":
"Hii ikirudi bila ugomvi, kungoja si dhambi.
Wako waliongoja miaka.
Lakini siku itakapogoma kuingia,
ikakaza kama jiwe, ngozi ikageuka rangi, ukatapika,
usingoje kukuche. Usimalize lori."
Kisha akauliza, "Kazi yako?"
Nikamwambia.
Akaweka kalamu chini.

Wiki sita bila kubeba.
Nilizihesabu ukutani, kwa mkaa, Bosibori akazifuta.
Bima italipa kisu, labda na kitanda;
hakuna bima ya bega lililokaa bure.
Na niseme hili pia, ambalo sokoni halisemwi:
naogopa kulazwa usingizi na watu nisiowajua
wakiwa macho.

Basi nikangoja. Nilijua kungoja.
Nilijua ngazi ipi ya lori hunidai mkono,
gunia lipi nimwachie kijana,
namna ya kupiga chafya nimeinama
kama anayetafuta shilingi chini.

Jumapili tulikwenda kuteka maji, mimi na Ombati,
ana miaka minne, kidumu chake cha lita tano.
Kaptula yake haina mfuko.
Akasimama mbele ya kidumu, akakohoa kidogo,
akabana kinena kwa kiganja,
ndipo akainua.
"Nani amekufundisha?"
Akanitazama kama nimeuliza nani amemfundisha kutembea.
"Hivi ndivyo vitu vizito vinainuliwa."

Ng'ambo ya waya ngiri alikuwa akila,
magoti ya mbele chini, pua vumbini.
Ndivyo alivyoumbwa, hana kosa.
Hata magoti yake yana sugu ya kazi hiyo.
Nilimtazama mpaka maji ya mtoto yakamwagika.

Jumatatu lori la Mau Narok liliingia bila mimi.
Wambugu alipiga simu mara tatu.
Chelagat alifungua daftari lake kubwa:
"Alhamisi hii, au ile ya baadaye?"
Sikujibu upesi.
Niliiangalia mikono yangu,
yote miwili,
juu ya meza.